Kipande cha Marko cha "karne ya kwanza": uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kilianza mwaka 2012 kwa tangazo lililotolewa jukwaani, kwamba kimepatikana kipande cha Injili ya Marko cha karne ya kwanza, kikafungwa nusu mwaka 2018 na nusu nyingine mwaka 2019. Majina ya watu waliohusika, chuo kilichoandaa mdahalo na kampuni iliyonunua tumeyaondoa. Namba ya kipande na taasisi inayokimiliki tumeziacha, maana bila hizo msomaji hana pa kwenda kukagua, na kukosekana kwake ndiko kulikokizaa kisa chenyewe.

Usuli

Wataalamu wengi huiweka Injili ya Marko karibu na mwaka 70 BK. Hadi 2018 nakala kongwe kabisa ya Marko iliyojulikana ilikuwa P45 (P ni alama ya mafunjo, karatasi ya kale iliyotengenezwa kwa matete), kitabu cha karne ya tatu ambacho sehemu yake kubwa iko Dublin, katika maktaba ya Chester Beatty. Kurasa za Marko zilizosalia humo zinaanzia sura ya nne. Aliyetaka kusoma sura ya kwanza ya Marko katika nakala ya kale alilazimika kushuka hadi karne ya nne, kwenye Sinaiticus na Vaticanus, Biblia mbili za kale za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono.

Katika midahalo kuhusu kuaminika kwa Biblia pengo hilo lina kazi yake. Upande wenye shaka husema: kati ya mwandishi na nakala ya kwanza tuliyo nayo kuna miaka mia moja na nusu au zaidi, nanyi hamwezi kutuambia ni nini kilibadilishwa katika miaka hiyo. Upande wa utetezi hujibu kwa wingi wa nakala, kwamba za Kigiriki peke yake zinapita 5,000. Jibu hilo lina udhaifu unaofahamika: nyingi kati ya hizo ni za karne ya tisa na kuendelea. Kwa hiyo mtetezi anayeingia ukumbini akiwa na kipande cha Marko cha karne ya kwanza hajaongeza nakala moja tu kwenye hesabu. Amemnyang'anya mwenzake hoja kuu.

Mfuatano wa matukio

Kipande chenyewe kilitoka kwenye majalala ya Oxyrhynchus, mji wa kale wa Misri ulioko kusini mwa Kairo, ambako Bernard Grenfell na Arthur Hunt walichimba kwa misimu kadhaa kati ya 1896 na 1907. Inadhaniwa kilifukuliwa mwaka 1903. Kilipelekwa Oxford pamoja na mamia ya maelfu ya vipande vingine, mali ya taasisi ya Egypt Exploration Society, kikakaa humo. Miaka ya 1980 mtunza orodha alikipitia bila kujua kina maandishi gani, akaandika makadirio ya mwandiko: "I/II". Maana yake ni karne ya kwanza au ya pili. Mwaka 2011 mtafiti aliyekuwa akiifanyia kazi taasisi hiyo alitambua kuwa maneno yake ni ya Marko 1.

Kati ya 2011 na 2012 mtaalamu wa mafunjo aliyekuwa na dhamana juu ya mkusanyo huo aliwaonyesha kipande hicho baadhi ya wageni waliofika Oxford. Miongoni mwao walikuwamo watu waliofanya kazi na mnunuzi mkubwa wa vitu vya kale nchini Marekani. Desemba 2011 mmoja wa watu wa mzunguko huo alidokeza hadharani kwamba kimepatikana kitu cha kale kuliko P52, kipande cha Yohana kilichoko maktaba ya John Rylands, Manchester.

Tarehe 1 Februari 2012, katika mdahalo uliohudhuriwa na zaidi ya watu elfu moja, mtetezi alitangaza kuwa kuna vipande vipya hadi saba vya Agano Jipya, sita vya karne ya pili na kimoja cha Marko cha karne ya kwanza. Alisema tarehe imetolewa na mtaalamu wa hali ya juu na kwamba kitabu kingetoka kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Namba haikutajwa wala mtunzaji, picha haikuonyeshwa, na jina la huyo mtaalamu halikutoka.

Mwaka ukapita bila kitabu, na baada yake mwingine. Mtetezi hakuweza tena kusema lolote kwa sababu alikuwa ametia saini mkataba wa kutunza siri. Wakati huo habari ilikuwa ikikua. Mapema 2015 msomi mwingine wa upande huohuo alieleza kwenye vyombo vya habari kwamba kipande hicho kimetoka ndani ya kinyago cha maiti ya Misri na kwamba ni cha kabla ya mwaka 90. Hatujaona ushahidi wowote wa kinyago hicho.

Majira ya kuchipua ya 2016 taasisi yenye mali iling'amua kuwa "Marko wa karne ya kwanza" anayezungumzwa duniani ndiye kipande kilichoko kwenye makasha yake. Ikaagiza kitayarishwe kichapishwe. Kilitoka mwaka 2018 katika juzuu ya 83 ya mfululizo wa Oxyrhynchus kwa namba 5345. Leo kwenye orodha ya mafunjo ya Agano Jipya kinaitwa P137. Wahariri walikiweka mwishoni mwa karne ya pili au mwanzoni mwa ya tatu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutangaza ulifanywa na mtu ambaye si mtaalamu wa kukadiria umri wa mafunjo na hakuwa na kipande. Kwa maelezo aliyotoa hadharani mwaka 2018 alipoomba radhi, mtu aliyemwelewa kuwa mwakilishi wa mmiliki ndiye aliyemhimiza alitaje kwenye mdahalo, akamhakikishia kuwa taarifa zimekaguliwa. Mtetezi akaamini. Alikuwa na sababu: jina la mtaalamu aliyetajwa nyuma ya pazia lilikuwa kubwa kweli, na katika fani hii watu wanaoweza kusoma mwandiko wa Kigiriki wa karne za mwanzo na kuukadiria ni wachache, kwa hiyo wengine wote huishi kwa kuwategemea.

Mpinzani wake kwa upande wake hakudai kuwa kipande hakipo, wala hakukubali kuwa kipo. Alisimama kwenye maelezo yanayokosekana. Ulikuwa uamuzi mzuri kuliko ulivyoonekana usiku ule, kwa sababu angekana kabisa angejikuta na deni siku kipande kitakapojitokeza. Na kilijitokeza.

Taasisi ilichagua kuchapisha upesi badala ya kutoa kanusho. Kanusho tupu lingesomwa kama kuficha. Uchapishaji uliweka mezani vipimo, picha, unukuzi wa kila herufi na hoja za tarehe, na tangu hapo yeyote angeweza kupinga kwa herufi, si kwa uvumi.

Matokeo

Kipande kina sentimita 4.4 kwa 4, kadiri ya stempu kubwa. Upande mmoja kuna mabaki ya Marko 1:7–9, mahali Yohana anapomtaja ajaye nyuma yake na Yesu anapofika Yordani. Upande wa pili 1:16–18, Simoni na Andrea wakiitwa wawe wavuvi wa watu. Aya zilizo katikati zilikuwa kwenye sehemu ya ukurasa iliyopotea.

Upande wa umiliki ulikuwa mchafu zaidi. Mwaka 2018 mtaalamu aliyekuwa na dhamana aliiambia taasisi kuwa hakuwahi kukiuza. Juni 2019 jumba la makumbusho lenye uhusiano na mnunuzi lilitoa nakala ya mkataba wa 2013 ulioorodhesha vipande vinne, kimoja kwa kila Injili, kikiwamo cha Marko 1, kwa sharti kwamba vibaki mikononi mwa muuzaji kwa ajili ya utafiti. Oktoba mwaka huohuo taasisi ilieleza kuwa vipande vyake 13 vimekutwa kwenye jumba hilo. Jumba lilishirikiana na kukubali kuvirudisha. Mtaalamu alikana tuhuma dhidi yake, na sisi hatuna la kuongeza juu ya hilo.

Uchambuzi

*Mkwaju (/) kati ya I na II*

Kosa kubwa la kisa hiki linaweza kuonyeshwa kwa kidole. "I/II" kwenye kadi ya orodha si tarehe. Ni makisio ya haraka ya mtu anayepitia mamia ya vipande ili vijulikane viko kasha gani. Hajalinganisha na chochote, hajajua hata ni maandishi gani. Alama hiyo ina miaka mia mbili ndani yake. Ilipofika jukwaani ilikuwa imepoteza nusu ya pili, na ilipofika kwenye magazeti ilikuwa imepata kikomo cha mwaka 90. Kila mkono uliopokea ulipunguza miaka, na hakuna mkono hata mmoja uliorudi kwenye kipande.

Mtu angekirudia angekuta dalili ya kumpunguza kasi mara moja: kimeandikwa pande zote mbili kwa maandishi yanayoendelea, yaani ni ukurasa wa kodeksi, kitabu cha kurasa, si gombo. Kodeksi zilikuwapo karne ya kwanza, na mshairi Martial huko Roma anazitaja katika miaka ya 80, lakini mabaki ya vitabu vya aina hiyo kutoka karne hiyo ni haba mno. Hiyo haithibitishi tarehe ya baadaye. Inamtaka tu anayesema "karne ya kwanza" awe na hoja nzito kuliko kawaida.

*Tarehe ya mwandiko hupatikanaje*

Vitabu vya mafunjo havina tarehe. Barua za kodi, hati za mauzo na maombi kwa watawala ndizo zenye tarehe, kwa mwaka wa utawala wa kaisari fulani. Mtaalamu huchukua mwandiko wa kitabu, akatafuta miandiko yenye tarehe inayofanana nao kwa ujumla wake: mwelekeo wa mistari, upana wa herufi, namna kalamu inavyoinuliwa. Kushikilia herufi moja, kwa mfano alfa ya namna fulani, ni mtego, kwa sababu mwandishi mmoja huweza kuwa na alfa mbili katika mstari mmoja. Tena mwandishi aliyefunzwa akiwa na miaka ishirini huandika vilevile akiwa na sitini. Eric Turner, mmoja wa mabingwa wa fani hii, alionya kuwa kwa mwandiko wa vitabu miaka 50 ndiyo nafasi ndogo kabisa inayokubalika. Wengi leo huona mia moja ni salama zaidi.

Njia ya kukosea inayotokea mara nyingi ni kuchagua vielelezo kutoka karne unayoitaka. Ukitafuta mifano ya mwaka 50 hadi 150 peke yake, utaipata, kwa kuwa mitindo hudumu. Ungetafuta pia mwaka 150 hadi 250 ungepata mingine inayofanana vilevile.

Mfano mzuri ni P52 chenyewe, kipande kilichotumiwa kama kipimo katika kisa chetu. Kina sentimita 8.9 kwa 6, maneno ya Yohana 18. Colin Roberts alikichapisha mwaka 1935 akakiweka nusu ya kwanza ya karne ya pili. Kati ya vielelezo vyake ilikuwamo hati ya Fayum ya mwaka 94, na pia Egerton 2, kipande cha injili isiyojulikana kilichochapishwa mwaka huohuo na kukadiriwa karibu na 150. Egerton 2 nacho hakina tarehe. Mwaka 1987 kilichapishwa kipande kilichoko Köln ambacho ni sehemu ya kitabu kilekile cha Egerton, na ndani yake kukaonekana ndoano ndogo kati ya herufi za Kigiriki gama na kapa, alama ambayo Turner alisema ni nadra kabla ya mwaka 200. Wengi wakaisogeza Egerton hadi karibu na 200. Nguzo mojawapo ya P52 ikawa imehama. Mwaka 2005 Brent Nongbri alikusanya hati zenye tarehe za mwishoni mwa karne ya pili na mwanzoni mwa ya tatu zinazofanana na P52, akaonyesha kuwa nafasi halali ya kipande hicho ni pana kuliko "mwaka 125" unaonukuliwa kila siku. Anayetaja 125 kwenye mhadhara, Dar es Salaam au Mombasa, anapaswa kujua kwamba namba hiyo ni kitovu cha makisio ya zamani, si tarehe iliyosomwa kwenye mafunjo.

Je, kaboni-14, kipimo cha maabara cha umri wa vitu vilivyokuwa hai, isingemaliza ubishi? Hapana, na hapa inafaa kutaja mfano unaopendwa na upande wa pili wa mihadhara yetu, yaani Waislamu. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham kilitangaza kuwa ngozi ya kurasa mbili za Qur'ani imepimwa na kupata kati ya 568 na 645, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Kilichopimwa ni kifo cha mnyama aliyetoa ngozi. Wino haukupimwa, na kipimo chenyewe kina upana wa miaka 77. Kwa mafunjo ni hivyohivyo: hupimwa siku mmea ulipokatwa, na ili kupima lazima uteketeze sehemu ya kitu. Kwa kipande cha sentimita nne, unachoteketeza huenda ni herufi.

*Hadithi ya kinyago*

Dai la 2015 lilikuwa na kasoro ambayo mtu mwenye kitabu cha utangulizi cha fani hii angeiona. Ni kweli mafundi wa Misri walitengeneza vinyago na vifuniko vya maiti kwa kugandisha mafunjo yaliyokwisha matumizi, na humo zimetoka hati nyingi. Lakini mafunjo hayo kwa wingi wake ni ya enzi za Waptolemayo, wafalme waliotawala Misri kabla ya Warumi, na kwa ushahidi uliopo ufundi huo ulififia karibu na utawala wa Augusto, aliyefariki mwaka 14 BK. Injili iliyoandikwa karibu na 70 iingieje kwenye kinyago ambacho mafundi wake walishaacha kazi miongo kadhaa nyuma? Dai lilivutia kwa sababu lilieleza vizuri kwa nini kipande ni kipya. Na ukweli ulikuwa kwamba si kipya: kilikuwa Oxford zaidi ya miaka mia moja.

*Hata kingekuwa cha karne ya kwanza*

Hili halikuulizwa vya kutosha, na kwetu ndilo lenye uzito kuliko yote. Tuchukulie kipande ni cha mwaka 90. Kingethibitisha nini? Kwamba Marko 1 ilikuwapo na ilinakiliwa Misri kabla ya mwaka huo, jambo ambalo wapinzani wengi hawalikatai. Hakigusi kama Yesu alibatizwa kweli, kwa kuwa ukale wa nakala na ukweli wa tukio ni kesi mbili.

Kuhusu kubadilishwa kwa maandishi, tazama ni wapi katika Marko nakala zinatofautiana kwa uzito. Aya ya 1, mwandishi wa kwanza wa Sinaiticus hakuweka "Mwana wa Mungu". Msahihishaji ndiye aliyeongeza. Aya ya 2, nakala nyingine zina "Isaya nabii" na nyingine "manabii". Aya ya 41, nakala karibu zote zina Yesu akimhurumia mwenye ukoma, lakini nakala ya kale iitwayo Kodeksi Bezae inasema alikasirika. Mwishoni, 16:9–20 haimo katika Sinaiticus wala Vaticanus. P137 ina mabaki ya aya za 7 hadi 9 na 16 hadi 18. Hakuna hata sehemu moja kati ya hizo zinazobishaniwa ambayo kingeweza kuitolea ushahidi, kiwe cha mwaka 90 au 290.

*Kilichofanya kazi*

Waliosaidia zaidi ni waliouliza kitu kimeingiaje mikononi mwa aliye nacho, kabla ya kuuliza kinasema nini. Kwa mafunjo ya Misri swali hilo lina vigezo viwili vinavyojulikana: mkataba wa UNESCO wa 1970, na sheria ya Misri namba 117 ya 1983 iliyopiga marufuku biashara ya vitu vya kale. Kipande kisicho na karatasi za kabla ya hapo kinapaswa kumtia wasiwasi msomi, hata kama mwandiko ni halali. Hapa mwandiko ulikuwa halali kabisa. Kilichokuwa kibovu ni mauzo, na usiri wa mauzo ndio uliozuia watu wasikague mwandiko. Mkataba wa siri ulimfunga mdomo mtetezi kwa miaka sita baada ya kumruhusu kusema sentensi moja.

Kuomba radhi kwake nako kuna thamani, kwa kuwa kulitaja mnyororo: nani alimwambia, alihakikishiwa nini, yeye hakukagua nini. Bila maelezo hayo tungekuwa na tangazo na kanusho tu, na kisa kisingechambulika.

*Namna ya kulipokea dai kama hili mdahaloni*

Dai la nakala mpya likitua mezani, mjibu asipoteze dakika zake kubishana juu ya tarehe asiyoweza kuiona. Aombe namba ya kipande na mahali kilipo. Kama haipo, aseme waziwazi kuwa dai litasubiri na aendelee na hoja nyingine. Ikipatikana, swali linalofuata ni nafasi ya miaka, siyo mwaka: "kati ya lini na lini, na kwa kulinganisha na hati zipi zenye tarehe?" Kisha aulize ni aya zipi zilizosalia, na kama kati yake kuna sehemu inayobishaniwa. Mara nyingi swali hili la tatu linatosha peke yake. Anayetoa dai naye ajiandae kwa maswali hayohayo. Orodha ya nakala zote za Kigiriki za Agano Jipya inatunzwa Münster, Ujerumani, inasomeka bure mtandaoni, na picha za nyingi zimo. Kipande kisicho na namba pale, na kisichochapishwa popote, kinaweza kuwa cha kweli, lakini bado hakijafika mezani.

Kwa sasa P137 ndicho kinachoshindana kwa nafasi ya nakala kongwe kuliko zote za Marko, na kwa sura ya kwanza kimesogeza ushahidi nyuma kwa karne moja na zaidi ukilinganisha na Sinaiticus. Kingechapishwa mwaka 2012 kwa tarehe yake halisi, kingepokewa kwa shangwe na pande zote mbili.